Runinga yaweza kumrudishia mzee wako mazungumzo

Ndugu msomaji, hebu itazame sebule yako jioni moja. Runinga iko mezani au imetundikwa ukutani, juu yake kimetandazwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Watoto wamekodoa macho kutazama mpira. Pembeni, kwenye kiti karibu na mlango, ameketi mama au baba aliyekulea. Hasemi neno. Akisema, anauliza swali alilouliza dakika tano zilizopita. Mjukuu anamwita kukhu, naye anaitika kwa kumwita mjukuu huyo jina la kakake aliyefariki zamani.

Watu wengi wa huku kwetu, kutoka Bumala na Butula hadi Busia mjini na Malaba, huiona hali hii na kusema, "Ni uzee tu." Wengine hunong'ona kwamba mzee amelogwa. Wengine, kwa kuchoka, humwacha mbele ya runinga kutwa nzima ili atulie, na anatulia kweli. Lakini utulivu huo si afya. Ni upweke.

Makala ya leo yanakueleza jinsi runinga hiyo hiyo inayomnyamazisha mzee inavyoweza kutumiwa kumfanya azungumze. Njia yenyewe ni rahisi: unakifanya kioo cha runinga kuwa fremu kubwa ya picha za zamani za jamaa yako, kisha unaketi karibu na mzee mkazitazama pamoja. Huhitaji mtambo wa bei ghali. Unahitaji simu yenye kamera, flashi ndogo, na nusu saa ya muda wako. Hiyo nusu saa ndiyo iliyo adimu.

Kusahau kunakoitwa ugonjwa

Kila mtu husahau. Ukisahau ulikoweka funguo, kisha ukakumbuka baadaye, huna haja ya kuogopa. Lakini mtu akizishika funguo mkononi na asijue ni za nini, hilo ni jambo jingine.

Madaktari huiita hali hiyo dimenshia. Si ugonjwa mmoja bali ni kundi la dalili zinazoletwa na magonjwa yanayoharibu ubongo. Ulio mashuhuri zaidi ni Alzheimer, ambao huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Umepewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 aliwaeleza madaktari wenzake habari za mwanamke aliyeitwa Auguste Deter. Mama huyo alikuwa amelazwa hospitalini mjini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51 tu. Alipokufa, ubongo wake ulichunguzwa na kukutwa na uharibifu ambao mpaka leo ndio unaoutambulisha ugonjwa huo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kadiri kama yetu. Kwa hiyo usidhani huu ni ugonjwa wa Wazungu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na kuendelea. Kadiri wazee wetu wanavyoishi miaka mingi, ndivyo tutakavyozidi kuuona ugonjwa huu katika boma zetu.

Dalili zake ni zipi? Mzee hurudia swali lile lile mara nyingi. Hupotea katika njia aliyoizoea, kwa mfano ile ya kwenda sokoni au kanisani. Hushindwa na kazi aliyoijua vizuri kama kupika au kuhesabu chenji. Leo amepokea fedha zake za Inua Jamii, na kesho ataapa kwamba hajalipwa na kwamba mkaza mwana ndiye aliyeziiba. Hubadilika tabia, aliyekuwa mpole akawa mkali, aliyependa watu akajitenga.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Katika sehemu kadha za Kenya, hasa Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mwanamke mkongwe anayetembea usiku bila kujua aendako, au anayeongea peke yake, ni rahisi kusingiziwa. Kujua kwamba ni mgonjwa kwaweza kumwokolea maisha.

Kwanza hospitali, kisha picha

Kabla hujagusa rimoti, kuna jambo usilolichezea. Dimenshia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa salama Jumatatu, kisha Jumatano akachanganyikiwa, akawa hajui alipo au akaanza kuona vitu visivyokuwapo, hana dimenshia ya ghafla. Huenda ana malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, au sukari ya damu imeshuka. Dawa anazotumia pia zaweza kumchanganya. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hapa Busia, ambako malaria haituachi mwaka mzima, kosa la kusema "ni uzee" laweza kuua.

Vivyo hivyo, uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, hicho huenda ni kiharusi. Usingoje asubuhi.

Hata kusahau kunakokuja polepole kunahitaji kuchunguzwa, kwa sababu baadhi ya visababishi vyake hutibika: upungufu wa vitamini B12, kasoro za tezi ya shingo, kaswende ya muda mrefu, virusi vya Ukimwi visivyotibiwa, ulevi, huzuni nzito, au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka. Mwone daktari katika hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu nawe au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Busia. Beba dawa zote anazokunywa mzee, pamoja na za miti shamba, ili daktari azione.

Kitu kingine ni macho na masikio. Mzee anayetazama picha ya mwanawe na asimtambue huenda hajasahau, huenda haoni. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi. Hospitali ya macho ya Sabatia, kaunti ya Vihiga, ni miongoni mwa zile zinazofanya kazi hiyo katika eneo hili la magharibi. Na asiyekujibu huenda masikio yake yameziba kwa nta. Mambo haya mawili si madogo. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama vihatarishi 14 vingeshughulikiwa. Miongoni mwavyo ni uziwi, macho mabovu yasiyotibiwa, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara na upweke.

Kwa nini picha za zamani?

Huenda umeshangazwa na mzee asiyekumbuka alichokula asubuhi, lakini akikusimulia jinsi maji yalivyofurika mwaka 1961 utadhani ilikuwa jana. Hadanganyi wala hafanyi makusudi. Ugonjwa wa Alzheimer aghalabu huanza kwa kuishambulia sehemu ya ubongo inayopokea na kuhifadhi mambo mapya. Yale yaliyohifadhiwa zamani hudumu muda mrefu zaidi. Wataalamu wamegundua pia kwamba mtu mzima hukumbuka kwa wingi mambo yaliyompata kati ya umri wa miaka 10 na 30: shule, kazi ya kwanza, ndoa, kifungua mimba.

Piga hesabu. Mzee aliyezaliwa mwaka 1945 alikuwa na miaka 18 Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Kwa mzee huyo, picha zenye nguvu ni za miaka ya 1955 hadi 1975, si zile za harusi uliyofanya juzi.

Zamani madaktari waliwakataza wazee kuzungumza sana juu ya mambo ya kale, wakidhani ni dalili ya akili kudhoofika. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mzee anapoyapitia maisha yake kwa mazungumzo anafanya jambo la kawaida na lenye faida. Tangu hapo, kutumia picha, nyimbo na vyombo vya zamani kuamsha mazungumzo kumekuwa sehemu ya huduma kwa wazee katika nchi nyingi.

Je, kunaponya? La. Ni lazima usikie ukweli huu mapema. Mwaka 2018 wachunguzi wa mtandao wa Cochrane waliyapitia majaribio 22 ya njia hii wakaona faida zake ni ndogo na hazilingani kila mahali. Wengine walipata nafuu kidogo katika mawasiliano, akili au furaha ya maisha, na wengine hawakupata. Hakuna picha inayoweza kuizuia dimenshia isiendelee. Lakini nusu saa ambayo mama yako anacheka na kukutajia majina ya dada zake ni nusu saa ya uhai. Hiyo haihitaji cheti cha daktari.

Runinga inaongeza nini?

Albamu ya karatasi ni nzuri pia, na kama huna stima usikate tamaa. Lakini runinga ina manufaa yake. Picha ya studio ya zamani mara nyingi haizidi kiganja cha mkono. Kioo cha runinga ya inchi 32 kina upana wa sentimita 70 hivi na kimo cha sentimita 40. Uso uliokuwa mdogo kama punje ya hindi sasa unaonekana hata na mtu mwenye macho hafifu. Mzee ambaye mikono yake inatetemeka, au aliye kitandani, hahitaji kushika kitu. Familia nzima yaweza kutazama pamoja. Na picha yenyewe ya asili inabaki salama, mbali na machozi, chai na vidole vya watoto.

Gharama ya umeme isikutishe. Runinga ya kisasa ya inchi 32 hutumia wati 30 hadi 60 hivi. Ukiiwasha nusu saa kila siku kwa mwezi mzima, hutamaliza hata uniti moja ya tokeni. Runinga ndogo za sola nazo nyingi zina tundu la flashi.

Kama una ile runinga ya zamani yenye kisogo kirefu, usiitupe. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogia mwaka 2015, runinga hizo hutegemea king'amuzi, na ving'amuzi vingi vina tundu la flashi linaloweza kuonyesha picha.

Jinsi ya kufanya, hatua kwa hatua

1. Kusanya picha. Uliza shangazi, wajomba na jamaa walio ng'ambo ya mpaka. Wengi wetu tuna ndugu Busia ya Uganda, Tororo na Jinja, na huko ndiko picha nyingi za ujana wa wazee wetu zilikobaki. Chagua picha 30 au 40 tu. Zikizidi humchosha mzee.

2. Piga nakala kwa simu. Toa picha nje, uilaze mahali penye kivuli na mwanga wa kutosha, kwa mfano chini ya veranda saa nne asubuhi. Usitumie mwako wa kamera kwa sababu huacha doa jeupe. Simama wima juu yake ili isipinde. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue, itachanika. Ipige ikiwa ndani ya kioo, ukiikinga na mng'ao kwa kitambaa cheusi.

3. Walio mbali watume zao. Ndugu aliye Nairobi au Ughaibuni anapotuma picha kwa WhatsApp, mwambie aitume kama faili, si kama picha ya kawaida. Hapo haitapunguzwa ubora na haitakuwa na ukungu kwenye kioo kikubwa.

4. Andika jina, mahali na mwaka. Programu nyingi za simu hukuruhusu kuandika juu ya picha. Tumia herufi kubwa nyeupe juu ya ukanda mweusi. Andika kwa mfano: "Dada yako, soko la Bumala, 1968." Maneno machache yatosha. Nyuma ya picha ya asili andika vivyo hivyo kwa penseli, taratibu, bila kukandamiza.

5. Weka katika flashi. Flashi ndogo kabisa yatosha, kwani picha 40 za kawaida hazizidi megabaiti 200. Zipe namba 01, 02, 03 ili zifuatane unavyotaka. Kama runinga haisomi flashi, mwombe kijana wa saiba aipange upya kwa mfumo wa FAT32, ambao runinga nyingi huuelewa. Hakikisha umeondoa vitu vyako vingine kwanza, maana kuipanga upya hufuta kila kitu. Pia ukae hapo akiwa kazini. Picha za jamaa yako si mali ya kunakiliwa na kila mtu.

6. Chomeka na uwashe. Tafuta kwenye rimoti kile kitufe unachobonyeza unapohamia kwenye king'amuzi, uchague USB, kisha picha. Runinga yaweza kuzibadilisha yenyewe. Kama inakuruhusu kupanga muda, chagua sekunde 30 au zaidi. Afadhali zaidi uzibadilishe mwenyewe kwa rimoti, mzee akishamaliza kusema. Zima muziki na madoido ya picha kuzunguka au kumetameta. Hayo humchanganya mzee, na kwa mwenye kifafa yaweza kuleta madhara.

7. Panga kiti. Mzee aketi kama mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye kioo, miwani yake ikiwa safi. Runinga isitazamane na dirisha lenye jua. Na mvua ya radi ikianza, zima na uchomoe waya. Magharibi mwa Kenya radi si mzaha.

Usimfanyie mtihani

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala haya. Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kumwonyesha mzee picha na kumwuliza, "Huyu ni nani? Unamkumbuka? Jaribu kukumbuka!" Hilo ni swali la mtihani. Akishindwa ataona haya mbele ya wajukuu, atanyamaza au atakasirika, na kesho hatataka kuketi nawe.

Badala yake, mpe jibu kwanza. Sema, "Mama, huyu ni dada yako. Hapa mlikuwa mmevaa nguo zinazofanana." Kisha uliza swali lisilokuwa na jibu la kosa: "Nguo hizi zilishonwa wapi? Mlikuwa mnakwenda wapi? Mlipika nini siku hiyo?" Kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi 10. Ubongo ulioathirika huhitaji muda mrefu kulitafuta neno.

Akisema jambo lisilo kweli, usimkosoe. Akisema picha ya Malaba ni ya Jinja, mwache awe Jinja, akueleze habari za Jinja. Hutafuti ushahidi wa mahakamani.

Zungumza naye kwa lugha aliyonyonya. Mtu aliyejifunza Kiswahili au Kiingereza ukubwani huweza kuzipoteza lugha hizo kwanza na kubaki na lugha ya mama. Mzee wa Marachi anayeonekana bubu mbele ya wajukuu wa Nairobi huenda ana mengi ya kusema kwa Kimarachi. Mjukuu asiyeijua lugha hiyo ataanza kuijifunza hapo hapo.

Ongeza vitu vya kushika. Picha ya shamba la pamba iende na pamba yenyewe mkononi. Picha ya soko iende na sarafu ya zamani ya senti 10 yenye tundu katikati, kama bado unayo. Chungu, wimbi, kitabu cha nyimbo za kanisa: mikono nayo hukumbuka.

Wakati mzuri ni asubuhi baada ya uji, akiwa amepumzika. Wagonjwa wengi wa dimenshia huchanganyikiwa zaidi jua linapozama, na mwanga wa kioo usiku huweza kuwaharibia usingizi. Dakika 20 hadi 30 zatosha. Akianza kusinzia au kugeuza uso, zima.

Picha za kuepuka

Katika sehemu hii ya nchi tuna desturi ya kupiga picha nyingi matangani. Ndiyo maana katika albamu za wengi, picha za jeneza ni nyingi kuliko za harusi. Hizo usiziweke. Mgonjwa wa dimenshia anaweza kuwa amesahau kwamba mumewe alifariki. Ukimwonyesha jeneza, atapokea habari hizo kama mpya, na atalia upya. Kesho atasahau, na kesho kutwa utamliza tena.

Je, akiuliza, "Baba yenu yuko wapi?" wakati amemwona kijana na mwenye afya kwenye kioo? Usikimbilie kutamka kifo. Mwambie, "Unamkosa sana, ee? Tuambie alivyokuwa." Mara nyingi anachotafuta ni kuzungumza juu ya mtu aliyempenda.

Kumbuka pia kwamba si kila kumbukumbu ni tamu. Mzee aliyeishi Uganda wakati wa utawala wa Idi Amin, kati ya mwaka 1971 na 1979, huenda ana mambo asiyotaka kuyaona tena. Ukiona mikono inatetemeka, pumzi inaenda mbio au machozi hayakatiki, badilisha picha, mshike mkono, mpe chai. Ondoa picha hiyo kwenye flashi. Na pale penye desturi za heshima kati ya mkwe na mama mkwe, waulize wazee kwanza ni picha zipi zinazofaa kutazamwa na nani.

Kuna wagonjwa wanaodhani watu wanaoonekana kwenye runinga wamo sebuleni. Mmoja atawaandalia chai, mwingine ataogopa na kutaka kuwafukuza. Kama ni furaha, hakuna ubaya. Kama ni hofu, zima runinga, ifunike kwa kitambaa, na urudi kwenye albamu ya karatasi.

Usimwache peke yake

Jambo la mwisho ndilo la kwanza kwa uzito. Mtu anaweza kusoma makala haya, akapanga picha 40, akaziwasha zizunguke zenyewe, kisha akaenda shambani akidhani amemtibu mamake. Huyo atakuwa amebadilisha kipindi tu. Nyuso zinazopita bila mtu wa kuzieleza humwacha mzee na mafumbo juu ya mafumbo. Kioo ni kigoda cha kuketia. Mazungumzo unayaleta wewe.

Na wewe unayemtunza, usijisahau. Kazi hii huwaangukia zaidi binti na wakaza mwana, mchana na usiku, bila malipo wala shukrani. Pangeni zamu. Aliye mjini asiyeweza kuja apige simu ya video saa ya picha, asikilize mamake akisimulia, ili aliye nyumbani apate kuoga na kupumzika. Ukiona huli, hulali, au unatamani kumpiga mzee, tafuta msaada. Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Wengi walipewa mwaka 2023 vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari, na wanaweza kukuelekeza hospitali. Lipo pia shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya linalowaunganisha watunzaji wa wagonjwa.

Kuna faida nyingine ambayo haimhusu mgonjwa. Kila familia ina picha ya watu watatu waliosimama mbele ya pazia la studio, na mtu mmoja tu aliye hai anayewajua. Mtu huyo anaanza kusahau. Simu yako ina kinasa sauti. Mwambie kwamba utarekodi, akikubali ubonyeze, uiweke kando na umsikilize. Wajukuu watakuwa na sauti ya kukhu akitaja majina ya watu ambao vinginevyo wangebaki kuwa "wale wa kwenye picha".

Mambo ya kukumbuka

• Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni jambo la hospitali, siku hiyo hiyo.
• Pima macho, masikio, shinikizo la damu na sukari kabla ya kusema ni uzee.
• Chagua picha 30 au 40 za ujana wa mzee, si za matanga.
• Mpe jina kwanza, kisha uliza swali lisilo na kosa. Nyamaza, ungoje.
• Asubuhi, dakika 20 hadi 30, kwa lugha yake.
• Keti naye mpaka mwisho.

Jumapili hii, kabla ya mpira kuanza, waombe watoto wakupe rimoti kwa nusu saa. Anza na picha moja tu, ile ya zamani kuliko zote. Huenda mama asiseme kitu. Huenda pia akasogeza kiti chake mbele, akanyoosha kidole kwenye kioo, akaanza, "Siku hiyo ilinyesha…" Hapo, msomaji, usimkatize.